Kilo Kumi na Tisa za Vifaa

Shemeji yake fundi wa baiskeli alikuwa mtu wa gramu. Alikuwa ameng'oa skrubu zote za baiskeli yake ya kushukia milima, akaweka nyepesi, na kila moja akaipima kwenye mizani ya jikoni huku mkewe akiisaka mizani hiyo apimie unga. Kwa juhudi hizo za miezi mitatu alipunguza gramu sitini na mbili. Wenzake wakambandika jina la Gramu, naye akalipokea kama nishani.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mashindano, aliingia karakana na boksi amelikumbatia kama kichanga.

"Shem, ning'olee hayo machuma," alisema, akionyesha shokapu za mbele za baiskeli yake. "Nimepata za upepo. Nusu kilo nzima inaondoka."

Fundi alikuwa binti wa maneno machache, na wateja walidhani hana la kusema. Alikuwa nalo, ila lilikuwa haliharakishi kutoka. Alijua kwamba shokapu za springi ni nzito, lakini hupokea kila kokoto kwa upole, na ndani yake huwekwa springi inayolingana na uzito wa mpandaji. Za upepo ni nyepesi. Unazijaza kwa pampu ndogo yenye geji mpaka zilingane na uzito huohuo. Kwa hiyo uchague zozote uzitakazo, swali la kwanza ni lilelile.

"Una kilo ngapi, shem?"

"Themanini."

Kilo themanini alikuwa nazo, hilo halina ubishi. Alikuwa nazo siku ya harusi, miaka tisa iliyopita. Suti ya siku hiyo ilikuwa bado kabatini, na kifungo chake hakijaonana na tundu lake tangu mwaka wa pili.

Jana yake dada, mkewe Gramu, alikuwa amempigia fundi simu. "Mwaka jana alivunjika mtulinga. Wiki sita namlisha kwa kijiko, wiki sita nasimuliwa kona ileile. Mdogo wangu, huyo mtu wako arudi mzima." Huyo mtu wako, utadhani fundi ndiye aliyeolewa.

Ila utamwambiaje mume wa dada yako kwamba amenenepa? Fundi akazifunga za upepo, akazijaza presha ya mtu wa kilo themanini kama alivyoagizwa, na roho ikimsuta.

Gramu akaenda kuzijaribu kwenye ngazi tano za nyuma ya karakana. Kwenye ya tatu shokapu zilizama zote zikagonga mwisho, ngo, na tairi la nyuma likainuka kuja kuangalia kulikoni. Aliokolewa na ukuta.

"Mbovu hizi," alisema, akijipangusa chokaa begani, palepale penye mtulinga. "Wameniuzia takataka."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mficha kilo, ngazi ya tatu. Na mlimani hakuna ukuta. Fundi alifuta mikono ambayo tayari ilikuwa safi.

"Kosa langu, shem. Hapimwi mtu peke yake, anapimwa pamoja na vifaa vyake. Vaa kila kitu, usimame pale."

Pale palikuwa na mizani ya vifurushi. Gramu akavaa helmeti, kinga ya kifua, vikinga magoti, viatu, na begi la maji. Akapanda. Tisini na tisa.

Mwenye karakana, aliyekuwa akiwatazama, akakumbuka ghafla kwamba ana kazi stoo.

"Vifaa vya siku hizi," Gramu alisema taratibu, "ni vizito mno."

"Mno, shem."

"Kilo kumi na tisa."

"Helmeti hiyo peke yake," fundi alisema, Mungu amsamehe.

Gramu akatafakari. "Sasa kama nimebeba vifaa vyote hivi, nusu kilo ya shokapu inanisaidia nini?"

Fundi alitikisa kichwa kwa mshangao, kama mtu anayepewa elimu mpya. Angeweza kuongeza upepo tu, yakaisha. Lakini alijua kwamba Gramu ana pampu yake mfukoni, na kwamba pale pa kuanzia mbio mabingwa wa maneno huwa wengi kuliko waendeshaji. Angeshauriwa, angepunguza. Springi haina valvu ya kusikilizia porojo. Akazirudisha zile nzito za zamani, na ndani akatia springi ngumu kuliko zote dukani.

Jumamosi Gramu alimaliza wa kumi na tisa kati ya ishirini na wawili. Jioni dada akapiga simu.

"Mtulinga mzima," alisema, na fundi akamsikia akishusha pumzi. "Ahsante, mdogo wangu. Ila kuna jambo. Anasema kilichomchelewesha ni helmeti. Yupo jikoni anatafuta mizani yangu aipime."

Fundi, kwa mara ya kwanza maishani, alijibu haraka.

"Dada, ifiche."