Alichokuwa Akionyesha Lowell

Shemeji yangu Anselm Kreutzer alikuwa fundi ambaye watu wa Indianapolis walimpelekea injini zilizowashinda mafundi wengine. Alimwoa dada yangu Ottilie, Tillie kwa ufupi, na Mungu akawapa mtoto mmoja tu, Lowell. Mimba nyingine mbili ziliharibika. Kwa hiyo Lowell ndiye aliyekuwa kifungua mimba na kitinda mimba wao, na sisi wajomba na shangazi tulimlea kama yai.

Lowell alifia kwenye mbio zetu kubwa, zile za maili mia tano za mwisho wa Mei, ndani ya gari la bluu alilojengewa na baba yake. Alikuwa wa pili, anakaribia kuingia kujaza mafuta. Alipofika kona ya tatu gari likageuka ghafla, mkia ukatangulia, likaupiga ukuta. Mimi nilikuwa kituoni kwetu, pale magari yanapoingia kujazwa mafuta na kubadilishiwa matairi. Kazi yangu ilikuwa tairi la mbele la kulia, ndilo linaloliwa upesi, maana kutwa nzima gari linakata kushoto tu. Tuliona moshi ng'ambo ya uwanja.

"Si yeye," Anselm alisema.

Tukasimama tunatazama magari yakipita mbele yetu, moja baada ya jingine, na la bluu halikupita.

Kesho yake gazeti lilitoa picha ya Lowell, aliyopigwa muda mfupi kabla ya ajali akipita mbele ya kituo chetu. Uso ameugeuzia kwetu, kidole gumba amekielekeza nyuma juu ya bega. Chini ya picha waliandika kwamba kijana alikuwa akimdhihaki Rex Tolliver, dereva aliyekuwa nyuma yake, badala ya kutazama njia. Mtangazaji mmoja wa redio akaongeza kwamba kiburi si maungwana. Maneno hayo yalizagaa mji mzima, hata kwa muuza nyama ukiingia watu wanakatiza mazungumzo.

Anselm hakuyakanusha. Hilo ndilo lililomchoma dada.

"Lowell wangu alikuwa mtu wa kucheka wenzake?" alimwuliza mezani, mimi nikiwapo.

"Gari lilikuwa zima, Tillie. Nililikagua kwa mikono yangu."

"Sikukuuliza habari za gari."

"Basi unaniuliza nini?"

Dada akainuka akaanza kukusanya sahani ambazo watu hawajamaliza kula.

Mkia wa gari ulikuwa umesagika kabisa, hakuna aliyeweza kusema ulikuwaje kabla. Majira ya baridi Anselm akaanza kulijenga upya, kipimo kwa kipimo, hakubadili hata tundu la skrubu. Alitaka ulimwengu uone kwamba gari halikuwa na kosa. Nadhani hakuwa amejiuliza, gari likionekana halina kosa, lawama itabaki kwa nani.

"Unalifufua limle nani tena?" dada alimwuliza.

Aliyekubali kuliendesha ni Doyle Pruett, mtu wa Kentucky, rafiki wa Lowell, mpiga soga asiyefunga mdomo hata anapotafuna. Alikuwa amekula mezani kwa dada mara nyingi kuliko mimi ndugu yake. Dada alimshika mkono jikoni.

"Doyle, mwanangu, usilipande gari lile."

"Mama Tillie, nisipolipanda mimi atalipanda mtu asiyemjua Lowell. Ungependa hivyo?"

"Ningependa likae na kutu."

"Haya, likishinda nitaliacha lishike kutu yote unayotaka," Doyle alisema, akachukua mkate mwingine. Lakini hakucheka.

Siku ya mbio dada alikuja. Hatukumtarajia. Wakati ule wanawake hawakuruhusiwa kuingia kituoni wala kwenye magereji, hata uwe mama wa dereva, kwa hiyo alikaa jukwaani mkabala na sisi, amevaa gauni la kanisani, chupa ya kahawa magotini. Nilimpungia mkono. Hakunijibu, macho yake yalikuwa kwenye lile gari.

Doyle alianza vizuri. Kabla ya kuondoka alinitania, "Clem, ukifunga tairi langu kama unavyofunga kamba za viatu vyako, nitakuja kukusumbua usingizini." Bendera ikashuka, ngurumo ikapanda, na saa ya kwanza hatukuwa na la kulalamikia. Tolliver aliongoza, Doyle alimfuata kwa mbali kidogo. Alijaza mafuta mara moja, mapema, akarudi njiani.

Kisha, katikati ya mbio, akapita mbele yetu ameugeuza uso kwetu, kidole gumba amekielekeza nyuma juu ya bega.

Nyundo ilinitoka mkononi. Nikamtazama Anselm. Alikuwa ameshika ubao wa kuandikia madereva, chaki ameishikilia hewani, amekauka.

Mzunguko uliofuata Doyle aliingia, hakuna aliyemwita.

"Vipi? Mafuta bado unayo!" Anselm alipiga kelele.

"Jaza!"

"Unampa Tolliver mbio hivi hivi!"

"Jaza, mzee, au nashuka! Tangi likipungua mkia unaruka. Kona ya tatu. Hautelezi, unaruka! Nimeuona ukuta karibu kama ninavyokuona wewe!"

Tukajaza. Anselm akainama mpaka kofia yake ikagusana na ya Doyle.

"Ule mkono. Ulipopita. Ulikuwa unasema nini?"

"Mkono gani? Nilikuwa nawaambia mwangalie nyuma ya gari! Kuna kitu nyuma! Niachie niende!"

Akaondoka. Katika mazoezi hakuna mtu anayekausha tangi, ndiyo maana hakuna aliyejua. Mwaka uliotangulia Anselm alikuwa amempigia Lowell hesabu ya kupunguza kusimama mara moja ili abaki mbele ya Tolliver. Gari halikuwahi kuwa jepesi vile ila siku ile.

Lazima niseme kweli kuhusu Anselm: hakuanguka, wala hakukaa chini. Aliufuta ubao kwa kiganja akaandika INGIA, na kila tangi lilipofika nusu alimwita Doyle tukajaza. Wenzetu walitucheka. Fundi wa jirani aliuliza kama gari letu linanyonya. Tulisimama mara nyingi kuliko mtu yeyote, na kila tuliposimama Tolliver alizidi kutuacha. Lakini mkia ukiwa mzito lile gari liling'ang'ania lami kama kupe. Doyle aliingia kona bila woga, akawa anazirudisha zile dakika kidogo kidogo.

Ilipobaki mizunguko minne Tolliver alikuwa bado mbele, karibu nusu uwanja. Alipopita niliona tairi lake la mbele la kulia lina mstari mweupe: mpira umekwisha, zimebaki nyuzi. Watu wake walimwonyesha ubao, walirukaruka, mmoja alivua shati akalipunga. Hakuingia. Nani angeingia, ushindi ameshauonja? Mzunguko mmoja kabla ya mwisho tairi likapasuka. Alilishika gari vizuri, muungwana yule, akalisuguza ukutani mpaka likasimama, akatoka mzima. Doyle akampita. Akazunguka mara ya mwisho peke yake, na bendera ya miraba, ile ya mwisho wa mbio, ikamwangukia.

Watu walitukumbatia, mmoja alinibusu sikio. Nilimkuta Anselm amekaa juu ya rundo la matairi yaliyokwisha.

"Clem. Mwaka jana alipopita vile, mimi nilifanya nini?"

"Shemeji, acha."

"Nilifanya nini?"

"Ulimwinulia ubao."

"Uliandikwa nini?"

Alikuwa anajua. Alitaka kulisikia kwa mdomo wa mtu mwingine.

"ENDELEA," nikasema.

"Na nilicheka. Nilidhani anamtania Tolliver, nikacheka."

Pale penye shangwe Doyle alikuwa anavishwa shada, amepewa chupa ya maziwa, kama ilivyo desturi ya mbio zile, anywe mbele ya wapiga picha. Anselm alipapita kama si pake, akaenda hadi kwenye uzio wa waya ambako dada alikuwa ameshafika. Nilimfuata.

"Tillie, hakuwa akimdhihaki mtu."

Dada aliiweka chupa ya kahawa chini.

"Alikuwa ananionyesha mkia wa gari. Lilikuwa na kosa. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyelijenga vile."

"Ulimwona akikuonyesha?"

"Nilimwona."

"Ukamwambia nini?"

"Aendelee."

Dada alizishika nyaya za uzio kwa mikono miwili. Nilidhani atapiga yowe. Alisema taratibu, kama mtu anayesoma, "Mwaka mzima, Anselm. Mwaka mzima napiga magoti kanisani namwombea mwanangu asamehewe kiburi. Kiburi ambacho hakuwa nacho." Kisha akanigeukia. "Clem, nipeleke nyumbani."

Waandishi walipomzunguka Anselm aliwaambia wazi: andikeni kwamba Lowell Kreutzer hakukosea, aliyekosea ni mimi baba yake. Waliitikia kwa vichwa, wakaandika kwenye vijitabu vyao. Asubuhi gazeti likasema mzee Kreutzer alitokwa na machozi ya furaha. Kuhusu Lowell, hata mstari mmoja hawakuandika.

Wiki hiyo hiyo tulilifungua gari, mimi, yeye na Doyle. Vishikizo vya ekseli ya nyuma, ule mhimili wa magurudumu, alikuwa ameviweka juu mno, ndiyo maana mkia ukiwa mwepesi uliruka. Alitoboa matundu mapya, upana wa vidole viwili chini ya yale ya zamani, akavihamisha. Tulianza baada ya chakula cha mchana na jua lilikuwa bado juu tulipokunja vitambaa. Doyle aliitazama saa ya ukutani, akatoka nje.

Alikwenda kwa dada baadaye, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na la kusema. Dada alimwekea kuku na tambi.

"Kula," alimwambia. "Umenirudishia mwanangu jinsi alivyokuwa."

Anselm hakurudishiwa kitu. Dada hakumwacha, ila alihamia chumba cha Lowell, na mezani waliombana chumvi kwa adabu kama wageni wa hoteli. Kwa kinyozi, posta, kila alikoingia, Anselm alieleza habari za vishikizo na tangi, na watu walimpigapiga bega wakampongeza kwa ushindi. Injini za watu akaacha kuzipokea.

Majira ya baridi ya pili nilikuwa naye kwenye karakana nyuma ya nyumba, tunaota moto wa jiko, mlango ukafunguka. Dada hakuwa amekanyaga mle tangu msiba. Alisimama kando ya gari, koti amelitupia mabegani.

"Nionyeshe palipokuwa," alisema.

Anselm alichukua taa, akapiga magoti, akamwangazia matundu ya zamani kwenye fremu. Dada naye akapiga magoti, kwa shida, akaingiza ncha ya kidole.

"Mbona padogo hivi," alisema.

Anselm aliisogeza taa karibu zaidi. Dada akabaki pale pale sakafuni karibu naye, na mimi nikachukua kofia yangu, nikatoka nikawarudishia mlango.