Kanga ya Bibi Agnela

Tekla hakuwa mtu wa kukubali kosa upesi, na waliowahi kufanya naye kazi nyuma ya jukwaa wanalijua hilo. Kifungo kikidondoka, kosa ni la mshonaji. Soli ikibanduka, kosa ni la fundi viatu wa Sombetini. Lakini kosa la kanga ya Bibi Agnela lilikuwa lake peke yake, na alilijua tangu Ijumaa asubuhi alipofungua kile kifurushi.

Ili kosa lenyewe lieleweke, inabidi kwanza aelezwe Nice Aminiel. Arusha nzima inamjua kama mama mkwe mkorofi wa tamthilia ya kila Jumatano, yule anayempekua mke wa mwanawe mkoba na kukagua sufuria kama kuna nyama imefichwa chini ya mchuzi. Ameicheza nafasi hiyo miaka kumi na miwili, na ameicheza kiasi kwamba muuza vitunguu mmoja sokoni aligoma kumuuzia mpaka atubu. Nice alitubu palepale, mbele ya mafungu ya vitunguu, kwa machozi ya kweli, hadi muuzaji naye akalia na kumwongezea viwili. Tekla alikuwepo, ameshika kapu, na mpaka leo anasema hajaona mchezo mzuri kuliko ule.

Wasiojua husema ni kipaji tu. Tekla huwakatalia. Kipaji anacho, nani anabisha, lakini Nice ana utaratibu wake wa kazi, na utaratibu huo umemtoa Tekla jasho kwa miaka kumi na minane aliyomtunzia mavazi. Nice havai nguo ya dukani jukwaani. Akipewa nafasi ya mjane, atamtafuta mjane. Akipewa ya mpishi wa shule, atakwenda jikoni shuleni. Ataketi na mtu huyo siku mbili tatu, atamenya naye ndizi, kisha ataomba aazimwe nguo aliyoivaa siku hiyo. Iliyofuliwa haitaki. Anataka ije na jasho lake, moshi wake na mikunjo yake, kwa sababu anasema akiinusa tu, mwili wake unajua wenyewe namna ya kukaa. Mchezo ukiisha, Tekla huifua kwa mkono, huipiga pasi na kuirudisha kwa mwenyewe pamoja na kilo mbili za sukari. Hakuwa amewahi kurudisha nguo chafu, na hilo ndilo alilokuwa akijivunia kuliko kitu chochote.

Mwaka huu Nice alirudi jukwaani baada ya miaka saba ya runinga peke yake. Maneno yalikuwa mengi. Walisema amezoea kamera, sasa anajua kufoka tu, na akisimama mbele ya watu mia tatu bila nafasi ya kurudia picha ataumbuka. Mchezo ulimhusu mama anayemfukuza binti yake nyumbani kisha anaishi na alichofanya, na Nice ndiye aliyepewa huyo mama. Mwongozaji, Lesian, kijana mpole asiyepandisha sauti hata akikanyagwa, alikodi ukumbi kule Themi kwa Jumamosi saa tisa alasiri, na tiketi zikaisha wiki mbili kabla.

Tabu ilikuwa moja. Katikati ya mchezo, mama anatupa nje furushi la binti, anafunga mlango, anabaki mwenyewe. Kila siku ya mazoezi Nice alifika hapo akakwama. Alifoka vizuri, alitupa vizuri, lakini mlango ukishafungwa alikuwa mtu aliyesimama tu akisubiri sehemu inayofuata. Alilijua hilo, nalo lilimkosesha raha hata ya kula.

Sababu Tekla aliijua, ingawa halikuwa jambo la kuzungumzwa. Miaka thelathini iliyopita Nice aliacha chuo cha uuguzi akafuata kikundi cha maigizo. Mama yake, Bibi Agnela wa Nkoaranga, mwanakwaya wa Kilutheri asiye na masihara, alimtolea sanduku uani, akamwambia aende zake na nyuso zake za kuazima, akafunga mlango. Tangu hapo walisalimiana kwa simu. Nice alituma dawa za presha na blanketi, mama akatuma maparachichi. Lakini Nice hakulala tena katika nyumba ile, na Bibi Agnela hakuwahi kukanyaga ukumbi wowote.

"Safari hii nguo ni ya mama," Nice alimwambia Tekla siku ya Jumatatu. "Mimi siwezi kumwomba. Niendee wewe."

Tekla akapanda Nkoaranga kwa pikipiki hadi njia ilipokataa, kisha kwa miguu. Alimkuta Bibi Agnela akiwakatia ng'ombe vigogo vya migomba, amejifunga kanga kuukuu ya rangi ya kahawa ambayo maandishi yake yalishafutika zamani. Ilinuka maziwa, moshi wa kuni na zizi. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Kilichobaki kilikuwa kusema neno moja tu, kwamba isifuliwe.

Sasa utamwambiaje mama wa miaka sabini na minane kwamba unaitaka nguo yake pamoja na harufu? Kule mlimani mtu hakuazimi hata taulo kabla hajalifua, na kumwambia alete hivyo hivyo ni kumwambia umemnusa. Tekla, ambaye mdomo wake unaogopwa na mafundi wa mji mzima, alilimeza lile neno. Alieleza tu kwamba Nice anaomba ile kanga kwa ajili ya mchezo wa Jumamosi. Bibi Agnela alimpa bakuli la loshoro, akamtazama akila mahindi na maziwa yale mpaka akamaliza, akasema ataangalia.

Ijumaa kifurushi kikafika. Kanga ilikuwa imefuliwa, imekakamaa kwa wanga, imepigwa pasi mikunjo ikanyooka kama mistari ya daftari. Ilinuka sabuni na vile vidonge vyeupe vya kuwekea nguo sandukuni. Nice aliiweka puani, kisha akaikunja taratibu.

"Mama amenifulia," alisema.

Mazoezi ya mchana huo yalikuwa mabaya kuliko yote. Lesian akapendekeza kwa upole kwamba mlango ukifungwa tu, taa zizimwe, waruke sehemu ile. Nice akakubali. Hapo ndipo Tekla alipoingiwa na hofu, kwa kuwa katika miaka yote hiyo hajawahi kumwona Nice akikubali kupunguziwa hata neno. Aliona mwanamke anayempenda kuliko ndugu zake anakata tamaa mbele ya macho yake, na kisa ni yeye Tekla kuona haya.

Jumamosi asubuhi alipanda tena mlimani. Bibi Agnela alikuwa zizini anakamua, amejifunga kanga nyingine iliyochoka kama ile ya kwanza. Tekla akamwamkia shikamoo, akaitikiwa, akasimama kwenye tope na kuungama yote bila kupumua: harufu, wanga, aibu yake, na mlango uliomshinda Nice. Alijua atafukuzwa. Bibi Agnela aliendelea kukamua hadi ndoo ikajaa. Kisha akauliza huyo mama wa kwenye mchezo, akishafunga mlango, anafanya nini. Tekla akamjibu kwamba hasa hapo ndipo wanapokwama, anasimama tu.

"Hakusimama," alisema Bibi Agnela.

Akaiweka ndoo pembeni, akauliza mchezo unaanza saa ngapi.

Walishuka kwa gari la jirani, Sadoki, lililokuwa linapeleka ndizi mjini. Sadoki alimshauri Bibi Agnela abadili nguo kwanza, akamwambia watu wa mjini watamwonaje. Mwanamke huyu hajawahi kwenda hata dukani bila gauni lililopigwa pasi. Alijikaza, akapanda mbele na kanga yake ya zizini, akaangalia barabara mpaka Themi.

Nice alikuwa mbele ya kioo, amepakwa rangi nusu uso. Alipomwona mama yake mlangoni alisimama, akasema shikamoo kwa sauti ndogo ambayo hakuna mtazamaji wa Jumatano angeitambua. Bibi Agnela aliitikia. Aliutazama uso ule uliopakwa nusu, akafungua kanga kiunoni na kumpa.

"Nilipofunga ule mlango sikuondoka," alisema. "Nilikaa chini nyuma yake. Nilizisikiliza hatua zako mpaka zikaisha kule kwa kina Sadoki. Ng'ombe walilia kukamuliwa, sikuinuka."

Nice aliipokea kanga akajifunika nayo usoni. Tekla hugomba sana mwigizaji akilia baada ya kupakwa rangi, lakini siku ile alijifanya anatafuta pini. Baada ya muda Nice alichukua ile kanga iliyopigwa pasi, akamfunika nayo mama yake mabegani.

Mlango wa jukwaani ulipofungwa alasiri ile, Lesian alikuwa ameshika swichi ya taa. Hakuibonyeza. Nice aliuegemea mlango kwa mgongo, akateremka polepole mpaka chini, akaivuta pembe ya kanga mdomoni, akasikiliza. Ulikuwa unaona shingoni mwake kila hatua ya mtoto anayekwenda zake, na ulizijua hatua zile ziko wapi, zimevuka mfereji, zimepita migomba, zimefika kwa jirani. Tekla alichungulia safu ya mbele akamwona Bibi Agnela amekaa wima ndani ya ile kanga ya wanga, midomo inacheza, anazihesabu hatua zile zile.

Watu walipopiga makofi, yeye hakupiga. Alisimama, kama wanavyosimama kanisani, na hakuketi mpaka Nice alipoondoka jukwaani.

Baadaye nyuma ya jukwaa Tekla alinyoosha mkono kwa mazoea kuichukua kanga ile akaifue. Ilikuwa imelowa jasho la Nice, na pembe moja ina rangi ya mdomo. Bibi Agnela alimzuia mkono.

"Lete hivyo hivyo, mwanangu."

Aliikunja bila kuikung'uta, akaibana kifuani, akamwambia Nice wawahi, Sadoki anasubiri, na kitanda chake kile cha dirishani bado kipo. Nice akaenda naye, uso haujafutwa hata rangi.

Tekla aliwawekea kilo mbili za sukari garini. Ukimuuliza leo, atakwambia katika kazi yake yote amerudisha nguo moja tu bila kuifua, na kwa hiyo moja hakukosea.