Meno Kumi, Si Manane

Nilikuwa nimepaka rangi ya njano meno sita ya gia kubwa, nayazungusha polepole kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili niliibana gia ndogo kwa tambara ili igome kidogo, maana gia inayozunguka bila kugomewa haisemi ukweli. Nikazungusha mbele, nikarudisha nyuma, nikasogeza taa. Mahali meno yalipogusana rangi ilikuwa imefutika, na alama hiyo ilikuwa juu mno, karibu na ncha ya jino. Nilitaka ikae katikati.

Nikaifungua tena difu, nyumba ya gia inayogawa nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Ilikuwa mara ya nne tangu asubuhi.

"Shemeji, hiyo difu unaifunga au unaifundisha kusoma?"

Mume wa mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, amepakata boksi la mbao kama mtu aliyepewa mtoto wa watu. Yeye ndiye dereva wa gari letu. Ni gari lisilo na milango wala vioo, na kazi yake ni moja tu, kupanda miamba. Katika mashindano yetu hakuna mbio. Anayeshinda ni yule anayefika juu bila kusimama wala kurudi nyuma, na Jumamosi tulikuwa na zamu yetu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Ingia," nikamwambia. "Na usikanyage hivyo vibati vya shimu, nimevipanga."

Akaliweka boksi juu ya benchi, akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na gia mpya, seti mbili, bado zina grisi ya kiwandani.

"Manane kwa arobaini na matatu," akasema. "Moja ya mbele, moja ya nyuma. Chuma kipya, tena kigumu kuliko zile za kwanza. Tupa hiyo mitumba yako."

"Hii ni kumi kwa arobaini na moja. Karibu nimalize."

"Kumi! Kwa kumi hatutapanda mwamba, tutaurukia. Shemeji, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini wewe sasa unashtuka hata ukiona kamba ya viatu."

"Mimi sikuumwa," nikasema. "Aliyeumwa ni mke wako."

Sikusema ili kumchoma. Nilisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Injini huizungusha gia ndogo, nayo gia ndogo huizungusha ile kubwa inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Meno ya gia ndogo yakiwa machache, magurudumu huzunguka taratibu zaidi na kwa nguvu zaidi, na juu ya jiwe utaratibu ndio kila kitu. Kwa hiyo mara ya kwanza mimi mwenyewe nilichagua manane. Sina cheti, nimejifunza kazi hii kwa kufungua vitu vilivyokufa ili nione vilikufa na nini. Nikagawanya arobaini na tatu kwa nane, nikapata tano na zaidi, nikafurahi, nikaishia hapo. Sikufikiri kwamba gia ya meno manane, ili itoshe ndani ya nyumba ileile, lazima iwe nyembamba, na kila jino libebe mzigo peke yake kwa kitambo kabla jirani yake hajafika kumsaidia. Niliyahesabu meno, sikuyapima.

Miezi mitano iliyopita meno mawili yalikatika, gari likiwa katikati ya ngazi ya mawe. Nguvu ya nyuma ilitoka ghafla, gari likateleza upande kiasi cha hatua moja. Hatua moja tu. Mdogo wangu alikuwa amesimama hapo.

Tunamwita Kidole. Dereva akiwa mwambani hayaoni magurudumu yake, huona mbingu na boneti. Anamtazama mtu aliyesimama chini, na kidole cha mtu huyo kinamwambia kushoto, kulia, ongeza, simama. Sasa kifundo cha mguu wake wa kulia kina chuma ndani, na anatembea na fimbo. Jumamosi alikuwa anarudi kusimama palepale. Hakuniuliza gia gani nimefunga, wala hakuweka sharti. Hilo ndilo lililonifanya nifungue difu mara nne.

"Shika hizi," nikamwambia shemeji. Nikampa gia ndogo mbili, yake mpya na nyingine ya kumi, iliyokuwa ikingoja kufungwa mbele. "Usitazame upya wake. Tazama jino linapoota."

Akazigeuzageuza. Nikampa na kipimo. Akapima shina la jino moja, akapima la pili, akarudia tena kama mtu asiyetaka kuamini karani.

"Sawa, ya kumi ni nene zaidi," akasema. "Lakini nitapandaje? Nitakuwa na kasi ya kichaa."

"Wiki iliyopita niliongeza giaboksi ndogo ya pili nyuma ya ile ya kwanza. Ulidhani nilikuwa nachezea bati? Zamani gurudumu likizunguka mara moja, injini ilizunguka mara arobaini na tisa. Sasa itazunguka mara themanini na tano. Utatambaa hata konokono akupigie honi."

Akacheka, halafu akaacha. "Basi nguvu imezidi. Kitakachozuia hayo kumi yasikatike ni nini?"

Lilikuwa swali zuri, na nilikuwa nalo tangu Jumapili. "Tairi," nikasema. "Tairi likiteleza kabla jino halijachoka, tumepona. Sijui bado. Ndiyo maana tutajaribu leo, hapa, mahali pasipo na mtu chini."

Nikaongeza shimu moja nyembamba kama karatasi ya daftari ili gia isogee kidogo, nikafunga, nikapaka rangi, nikazungusha. Mara ya tano alama ikakaa katikati ya jino, nzima, mbele na nyuma. Hapo ndipo nilipovuta pumzi. Tukaibeba difu pamoja, tukaiingiza kwenye ekseli ya nyuma, tukajaza oili. Difu ya mbele bado ilikuwa nje na shafti yake nilikuwa nimeitoa, kwa hiyo gari lingevutwa na nyuma peke yake. Ndivyo nilivyotaka. Mzigo wote kwa mmoja.

Alasiri tukalisukuma gari mpaka uani, kwenye sakafu ya zege. Kuna nguzo ya zege pale, mabaki ya mzani wa malori, imezama ardhini kuliko tunavyojua. Nikalifunga gari kwenye nguzo kwa mnyororo, nikatupia magunia ya mchanga juu yake ili ukikatika usiruke.

Kidole akatoka jikoni na fimbo yake. "Mnamfunga ng'ombe gani?"

"Wewe nenda nyuma ya ukuta," nikamwambia.

"Nyuma ya ukuta nitaona nini?"

"Nyuma ya ukuta, mdogo wangu."

Akaenda, akinung'unika kwamba dada mkubwa ni serikali isiyopigiwa kura. Ukuta ulimfika kifuani. Akauegemea, akainua mkono.

Shemeji akawasha, akaweka gia ya chini kabisa. Mnyororo ukanyooka, gari likainama nyuma kama mtu anayenyanyua gunia. Injini ikaanza kulalamika, ikashuka. Alikuwa ameondoa mguu.

"Ongeza!" nikasema.

Akaongeza, akaondoa tena. Nilimwona mikono imekaza usukani, jasho limemtoka, na gari halijaenda popote. Ndipo nilipoelewa kwamba boksi lile la gia mpya hakulileta kwa ajili ya ushindi. Alitaka gari litambae polepole kiasi kwamba mguu wake usiweze kumwumiza mtu tena. Miezi mitano tulikuwa tukibeba mzigo mmoja, kila mtu akidhani ni wake.

"Mume wangu," Kidole akaita kutoka ukutani, bila kupaza sauti. "Usimtazame dada. Nitazame mimi."

Akamtazama. Kidole chake kikapanda taratibu: ongeza. Injini ikapanda nacho. Ongeza. Nguzo ikalia. Ongeza. Nilikuwa nimepiga magoti kando, sikio kuelekea ekseli, nikisubiri mlio ule ambao bado nausikia nikilala. Haukuja. Matairi yote mawili yakatetemeka, yakapiga kelele, yakaanza kuteleza juu ya zege na kutoa moshi. Kidole kikasimama. Kisha ngumi ikafungwa: basi.

Tukarudia mara tatu. Kila mara tairi ndilo lililokubali kushindwa.

Nikaweka karai chini ya ekseli, nikafungua kizibo cha oili. Kizibo hicho kina sumaku, na chochote kinachomeguka ndani hukamatwa pale. Kidole akaja, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanyoosha mkono. Badala ya kukifuta nikampa kama kilivyo.

Akapitisha kidole chake juu ya sumaku, akasugua na dole gumba, akafumba macho.

"Wanja," akasema. "Laini kabisa. Hakuna punje."

"Mara ile ilikuwepo," nikasema.

Wote wawili wakanitazama.

"Wiki moja kabla ya ajali. Nilikuta chembe, ndogo kama ya chumvi. Nikajiambia ni uchafu wa gia mpya, nikaifuta kwa tambara." Nilikuwa nimeiandaa sentensi hiyo kwa miezi mitano, na ilipotoka ilikuwa fupi kuliko nilivyodhani.

Kidole aliendelea kusugua weusi ule kati ya vidole vyake.

"Ulinificha," akasema.

"Nilikuficha."

"Leo umefungua mara ngapi?"

"Tano."

"Basi ya mbele fungua hata mara kumi. Na kizibo, kuanzia leo, nakifungua mimi. Mimi ndiye ninayesimama chini." Akanirudishia kizibo mkononi. "Sijamaliza kukasirika, dada. Lakini Jumamosi nitasimama, kama ya mbele nayo itatoa wanja."

"Na ikitoa punje?"

"Gari litabaki hapa na nguzo yake."

Shemeji akaingia karakana, akatoka na boksi lake. "Hizi nitawauzia wapinzani wetu," akasema, akijaribu kucheka.

"Usiwauzie," Kidole akasema. "Nao wana mtu wa chini."

Shemeji akalirudisha boksi, akaliweka mbele ya mlango wa karakana unaopenda kujifunga, likauzuia.

Tulifunga kizibo na kujaza oili mpya. Mbele na nyuma lazima ziwe na gia sawasawa, la sivyo gari litavutana lenyewe kama watu wawili waliofungwa mguu mmoja, kwa hiyo kazi ilikuwa imefika nusu tu. Tukaingia karakana, nikaiweka difu ya mbele juu ya benchi, tupu, nikaipangilia beringi zake kushoto na gia ya meno kumi kulia. Juu ya mbao nikaandika kwa chaki unene wa shimu nitakayoanza nayo asubuhi. Kidole akasoma namba ile, akauliza kwa nini hiyo. Nikamweleza. Akauliza tena, nikamweleza tena kutoka mwanzo, halafu nikafunika kila kitu kwa kitambaa safi kisiingie vumbi.