Ubongo wa Gashe Kifle na Chama cha Kuzikana

Ukutani kwake Gashe Kifle, yaani mzee Kifle, alikuwa na picha mbili: ya Malaika Gabrieli na ya ubongo wake mwenyewe. Wageni walikuwa wanaisujudia ya kwanza, ya pili wanaikwepa.

Hiyo ya pili alipewa na Dokta Meheret, yule mama wa hospitali anayefanya utafiti wa ugonjwa wa kutetemeka. Kila mwaka Kifle anaingizwa kwenye lile lipipa la sumaku linalogonga kama mafundi bati wamegombana, anatoka, anaulizwa vipi, anasema nimelala vizuri. Kwake mtaani kuna watoto na redio. Mle ndani kuna kelele tu.

Sasa mwaka huu dokta akamwambia ukweli. Picha zimefika mwisho wake. Kuna sehemu ndogo nyeusi huko chini ya ubongo, ikianza kufifia ndo mkono unacheza wenyewe, na mashine inaiona kama mtu aliyesimama kwenye ukungu. Ili ieleweke vizuri inabidi ishikwe, ikatwe vipande vyembamba, iwekwe chini ya hadubini.

"Ishikwe mimi nikiwa wapi?"

"Ukiwa umekufa, Gashe."

"Aa. Hiyo haina shida."

Akakubali hata kahawa ya dokta haijapoa.

Shida ikawa chama cha kuzikana. Addis Ababa mtu anaweza akakosa kazi, akakosa meno, lakini chama cha kuzikana hakosi. Chama ndo kinaleta hema, mabenchi, masufuria na watu wa kulia. Ndo kilichomzika mkewe, Tsehay, kwenye ua wa kanisa, na pembeni yake nafasi ya Kifle ikaachwa. Ukifukuzwa chama unazikwa na manispaa, na manispaa hailii. Kifle alikuwa anataka vitu viwili tu: ubongo uende kwa dokta, yeye aende kwa Tsehay. Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada akasimama mkutanoni, akayasema yote.

Mwenyekiti, Gashe Demsew, mstaafu wa reli, akavua kofia, akaivaa tena.

"Kifle ndugu yangu, kanuni inasema chama kinazika mwanachama. Haisemi mwanachama kasoro."

"Kasoro ubongo tu."

"Una uzito gani?"

"Kilo moja na kitu."

"Mimi ndo huwa nabeba jeneza upande wa kichwa," akadakia Lakew muuza mbao. "Naunga mkono."

"Lakew, kaa chini."

"Mbona nimekaa?"

Mzee mmoja huko nyuma akauliza siku ya ufufuo itakuwaje, mtu ainuke hana ubongo. Lakew akamwambia, "Baba, wewe umeinuka hivyo hivyo leo asubuhi, na kanisani umefika." Watu hawakucheka sana maana swali lenyewe lilikuwa la kweli. Mkono wa kulia wa Kifle ukaanza kupiga goti. Akaukalia.

Hapo akainuka Etye Zenebech, mkuu wa wapishi wa misiba. Huyu mama, Etye yaani dada mkubwa wa wote, akisimama hata mwenyekiti anajiweka sawa.

"Huo ubongo ukishatolewa, unakaa na nani?"

"Kwenye ndoo ya dawa, Etye."

"Sijauliza unakaa kwenye nini. Nimeuliza na nani."

Kifle akafikiri. "Peke yake."

Mkutano ukachafuka. Kukatwa wangevumilia, kila mtu pale alishapasuliwa kitu. Ila marehemu wa chama hiki hajawahi kuachwa peke yake, hata Shibru, ambaye alikufa hasemeshani na mtaa mzima. Siku tatu watu wanakaa hemani, wanakula nafaka za kuchemsha, wanacheza karata, wanamsema.

"Yaani sisi tukae hapa na mwili," Zenebech akasema, "na Kifle mwingine yuko kule kwa makoti meupe, hana hata wa kumwambia pole?"

"Hatasikia, Etye."

"Kwani mwili unasikia? Mbona tunakaa nao?"

Demsew akaita kura, wanaokataa wanyooshe mikono. Mikono ikaanza kupanda, mmoja, mwingine, halafu safu nzima ya wapishi. Kifle akaiona ile nafasi ya pembeni ya Tsehay inapewa mtu mwingine, pengine Lakew.

"Basi njooni mkae nao!" akapayuka.

"Wapi?"

"Hospitali. Kuna uwanja."

Mikono ikabaki hewani. Zenebech akakunja uso, ule wa kupima chumvi.

"Una kivuli?"

"Kipo."

"Bomba?"

"Lipo karibu na geti."

"Hema dogo linatosha," Zenebech akasema, akashusha mkono. Wapishi wote wakashusha.

Jumatatu wakaenda kwa dokta, Kifle kakaa katikati ya Demsew na Zenebech kama mzigo unaopataniwa nauli. Dokta Meheret alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema maabara haingii mtu.

"Nani kasema tunaingia?" Zenebech akauliza. "Tutakaa nje ya dirisha. Wewe kata taratibu, mwanangu."

"Siku tatu?"

"Siku tatu. Na chakula tutakuletea. Mfiwa lazima ale."

"Mimi si mfiwa, Etye."

"Marehemu anabaki kwa nani?"

Dokta akaangalia dirisha lake, akaangalia uwanja. Akamwangalia Kifle, Kifle akaangalia dari. Picha za kichwa cha mzee huyu alikuwa nazo za miaka yote, na hakuna mgonjwa mwingine aliyekubali.

"Wachinjaji hawaruhusiwi," dokta akasema. "Hapa ni hospitali."

"Tutachinjia nyumbani."

Wakapeana mikono. Wa Kifle ulichukua muda kidogo kuupata.

Walipofika nje, Kifle akasimama. Akasema anashukuru, sasa hata leo anaweza kwenda na roho nyeupe.

"Leo hapana," Demsew akasema. "Mabenchi yako kwa fundi mpaka mwisho wa mwezi."

Kifle akasema atajitahidi.