Msemo wa Njuga

Gazeti lilikuwa tayari mitaani Sindano alipogundua kosa lake, na lilikuwa kosa la mwandishi aliyebobea. Mwanafunzi asingelifanya.

Jina hilo la Sindano alipewa na wanasiasa, wala si kwa mapenzi. Kwa miaka mingi aliandika habari za rangi: nani ananyimwa chumba cha kupanga kwa weusi wake, nani anapewa kazi ya mapokezi kwa weupe wake, chama gani kinamkalisha nani jukwaani. Wakubwa walimchukia, na bado walimsoma kabla ya chai. Safari hii aliandika juu ya kikundi cha ngoma cha taifa. Kila walipokuja wageni wa serikali, amri ilitoka wizarani: weupe-weupe wacheze mbele, weusi nyuma, na wale weusi tii wabaki nyumbani, isemwe wanaumwa. Aliyemweleza hayo yote ni mchezaji mmoja, binti mcheshi ambaye wenzake walimwita Njuga. Siku ya mazungumzo yao mama yake Njuga alimsindikiza Sindano hadi mlangoni, akamshika mkono asiuachie.

"Mwanangu, nimekukabidhi huyu. Sina mwingine."

"Mama, jina lake nitakwenda nalo kaburini."

Na kweli jina hakulitaja. Alificha umri, akaficha mtaa, akaficha hata kimo. Ila waandishi nao wana ulafi wao. Mpe mwandishi maneno matamu uone kama atayatema. Njuga alikuwa amesema, "Mguu hauulizwi rangi, unaulizwa mdundo," na Sindano akayabeba mazima mazima, akayafanya kichwa cha habari.

Wenzake ofisini walikuwa bado wanampongeza simu ya mezani ilipolia. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya taratibu, yenye adabu zote.

"Hujambo, dada? Mimi ni ofisa wa wizara, nasimamia kikundi cha ngoma. Kichwa chako cha habari nimekipenda. Huku mazoezini msemo huo tunausikia kila siku, tena kwa mtu mmoja tu. Hebu njoo ukumbini. Tuko wote."

Sindano akakata simu. Akampigia Njuga, simu imezimwa. Akapiga tena kwenye ngazi, akapiga tena barabarani, imezimwa. Alikuwa ameficha kichwa, mkia ameuacha nje! Sindano aliwahi kurushiwa mawe kwenye mikutano ya hadhara na hakukimbia, lakini mawe yale yalimlenga yeye. Leo aliogopa, kwa sababu aliyekuwa hatarini ni mtoto wa watu.

Ukumbini ngoma zilikuwa kimya. Wachezaji walipangwa kwa mistari kwenye sakafu ya mbao, na Njuga alisimamishwa peke yake mbele kabisa, mahali ambapo hakuwahi kusimama. Jasho lilimtiririka na wala hajacheza. Mlangoni walikuwepo wanaume wawili waliokataa viti. Pembeni alisimama mtangazaji wa redio, mwanamke ambaye Sindano mwenyewe alimfundisha kazi, kinasa sauti mkononi.

"Karibu, dada," ofisa alisema. "Mambo ni mawili tu. Ama huyu binti alikwambia, basi ametoa siri za serikali na hawa mabwana wataondoka naye. Ama hakuna aliyekwambia, umetunga. Sema wewe, sisi tutakuamini."

"Mwache kwanza aende nyumbani."

"Dada, huyu ni dagaa. Wavu hatukuutega kwa ajili yake."

Sindano alimwelewa vizuri sana. Alitamani mtu mmoja tu aseme neno, lakini wachezaji wote walikuwa wanatazama sakafu, na hakuweza kuwalaumu. Akakisogelea kinasa sauti.

"Msemo niliusikia nje, siku ya onyesho. Nikaupenda. Mengine niliyatunga."

Ofisa alimgusa mtangazaji begani. Yule mwanamke akauliza bila kuinua macho, "Mwalimu, habari uliyotunga ni hii tu, au na zile za nyuma?"

Hapo ndipo Sindano alipoona mtego ulikoishia. Aliwakumbuka: mjane aliyetupiwa vyombo nje kwa sababu ya rangi yake, mwalimu aliyenyimwa ukuu wa shule, watu waliolia mbele yake na kumwamini. Wangemsikia redioni jioni ile ile, na waliowatesa wangemsikia pia. Akamtazama Njuga.

"Na zile za nyuma," alisema.

"Zote?" ofisa aliuliza.

"Zote."

Ofisa akapiga makofi mara moja. Njuga akarudishwa mstari wa nyuma, na ngoma zikaanza.