Macho ya Mama kwenye Darubini

Kitinda, jina alilobaki nalo kwa kuzaliwa wa mwisho, aliandika programu katika kampuni ya bima. Nyumbani alikuwa na programu yake mwenyewe: ukiipa tarehe na saa, inakokotoa ilipo miezi minne mikubwa ya sayari ya Mshtarii, yaani Jupita, upi kulia, upi kushoto, upi umejificha nyuma.

Hesabu za namna hiyo zinahitaji shahidi, naye alikuwa akitoka kazini sayari imeshatua. Shahidi akawa mama yake, mwalimu mstaafu wa jiografia, aliyeishi naye na aliyekuwa na darubini kuukuu barazani. Kila jioni Mama alilinganisha picha ya kompyuta na anga, kisha akampigia simu kazini.

"Yote imekaa sawa, mwanangu."

Ikawa hivyo msimu mzima.

Ndipo chama cha wapenda nyota kikamwalika Kitinda aonyeshe programu yake mbele ya wageni. Akaomba ruhusa kazini, akaenda kifua mbele, akawaambia kila jawabu limehakikiwa kwa macho. Fundi miwani mmoja, mwanachama wa siku nyingi, akainua uso kutoka kwenye darubini ya chama.

"Dada, huu mwezi wa nje kabisa umeuweka kulia. Huku uko kushoto."

Watu wakacheka, wala si kwa ubaya. Kitinda alitamani ardhi immeze.

Aliporudi alilipata kosa upesi. Katika kasi ya mwezi ule alikuwa amebadilisha nafasi za tarakimu mbili. Wiki ya kwanza lisingeonekana, lakini lilikua kila siku hadi mwezi ukahamia upande wa pili. Mtu anayeangalia angeliona zamani. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Kesho yake alirudi mapema kutoka kazini. Akaielekeza darubini kwenye sayari, akaacha kifuniko kwenye lenzi, akamwita mama yake.

Mama aliinama, akazungusha kirekebishi cha taswira polepole kama mtu anayejua kazi yake.

"Yote minne. Imekaa sawa."

Kitinda akakivua kifuniko, akakiweka kwenye kiganja cha mama yake. Mama akakipapasa ukingo, akaketi.

"Tangu lini?" Kitinda akauliza.

"Ukungu ulianza jicho la kulia. La pili likafuata."

"Ungeniambia."

"Ungeniambia nipumzike. Shule imenipumzisha, kaka zako wamenipumzisha. Wewe tu ndiye uliyekuwa unaningoja nikupe jibu."

"Mama, nimesimama mbele za watu na neno lako. Kama ungesema huoni, ningetafuta mwingine."

"Ndiyo. Ungetafuta mwingine."

Kitinda alijua angepaswa kumhurumia. Huruma haikuja, kilichokuja ni kuzikumbuka simu zote zile, na sauti ya uhakika.

Alizisahihisha tarakimu. Alimpeleka Mama hospitali, akatolewa mtoto wa jicho, kwanza kulia kisha kushoto. Akawa anasoma hata maandishi madogo ya kwenye chupa za dawa. Siku moja akauliza, kama mzaha, kama zamu yake ya barazani bado ipo.

"Fundi miwani ananiangalizia siku hizi," Kitinda akajibu.

"Vizuri. Yule ana macho."

Wanaishi pamoja kwa amani, wanataniana. Ila Mama akisema mlango ameshaufunga, Kitinda hungoja aingie chumbani, kisha huinuka taratibu akajaribu kitasa.