Twiga wa Darasa la Nne

Binti yangu akifika mtaa mgeni haangalii nyumba, anaangalia mitaro. Kazi ndiyo iliyomharibu. Ameendesha greda tangu ujana, akisawazisha barabara za watu, na sasa hata akienda kumjulia hali mgonjwa husimama kwanza nje kuona maji ya mvua yanaelekea wapi.

“Hapa hapana,” alisema siku ile tunatafuta nyumba. “Mtaro umejaa taka mpaka juu na watu wanauruka tu. Wasiojali mtaro watamjali mtoto wa mgeni?”

Dalali, kijana mnene aliyening'iniza funguo shingoni kama medali, akacheka. “Dada, unapanga nyumba au unapanga mtaro?”

“Napanga pa kukaa, kaka. Wewe hujaniona nikihama. Twende kwingine.”

Mimi nilikuwa na kipimo changu pia. Nimelala katika miji mingi kuliko nywele zilizobaki kichwani, na nikitaka kuujua mtaa natazama nani amekaa nje wakati watu wako kazini. Katika mtaa ule wa chini wanaume wazima walikuwa wanacheza drafti asubuhi ya siku ya kazi, na watoto wenye sare za shule wamewazunguka wakiwapa mbinu. Shule yao tulikuwa tumeshaiona. Walikuwa tayari kumpokea mjukuu wangu wa kike palepale, darasa la sita, bila swali lolote. Nilichungulia dirishani nikaona watoto wamekaa sakafuni mpaka chini ya ubao. “Nafasi atapata,” mwalimu alituambia, “wakibanana.”

Ilibaki shule ya mtaa wa juu. Huko mitaro ilikuwa safi, binti yangu akatembea akiikagua kama mtu anayenunua ng'ombe. Dalali alikuwa na nyumba ya vyumba viwili karibu na shule, lakini kulikuwa na mteja mwingine anaitaka, na jibu lilihitajika siku hiyohiyo. Na shule ile haikupokea mtoto kabla hajasoma kitabu mbele ya mwalimu mkuu.

Hapo ndipo binti yangu alipoacha kutazama mitaro.

Nieleze. Tangu mumewe alipoondoka, mimi ndiye niliyebaki na mtoto. Kampuni ya barabara ikihamisha kambi, nasi tunafunga vyombo. Mtu wa kuzurura nilikuwa nimepata familia ya kuzurura, sikuwa na la kulalamika. Lakini mtoto kila alipofika shule mpya alipewa kitabu asome, akajikwaa, akarudishwa nyuma. Sasa ana miaka kumi na miwili, na shule ya mwisho ilimwacha darasa la nne, kichwa na mabega juu ya wenzake. Hao wadogo ndio waliombatiza Twiga. Mama yake hulichukia jina hilo. Mwenyewe huliitikia upesi kuliko jina lake.

Safari hii binti yangu alikuwa amepata kazi ya kudumu katika karakana ya barabara ya mji. “Hapa ndiyo mwisho, baba,” aliniambia. “Sihami tena. Lakini akirudishwa la nne tena, atamaliza shule ya msingi wenzake wanatafuta kazi. Ataacha tu. Ningekuwa mimi, ningeacha.”

Mwalimu mkuu alikuwa mama wa makamo aliyevua viatu chini ya meza, akidhani hatuoni. Akatukaribisha vizuri. Akampa Twiga kitabu cha darasa la tano. “Akikiweza hiki namweka la sita na wenzake wa umri wake. Soma, mwanangu, usiogope.”

Twiga akakishika kwa mikono miwili. “M-bu-zi wa... mfa... mfanya...” Akanyamaza. Akaanza tena. Binti yangu alikuwa ameshika kiti kama ameshika usukani kwenye mteremko.

Mimi nilikuwa namtazama mtoto usoni. Mdomo wake ulikuwa bado mstari wa pili, unajikokota, lakini macho yalikuwa yameshafika chini ya ukurasa. Na hapo akatabasamu. Kidogo tu, kisha akalimeza.

“Basi, mwanangu, inatosha,” alisema mwalimu. Ili asimtie mtoto aibu, akakichukua kitabu akamalizia mwenyewe. Mbuzi alikuwa amekula kofia ya mfanyabiashara, na mfanyabiashara kichwa wazi akawa anazunguka soko zima kumtafuta mwizi, huku kamba ya mbuzi ameishika yeye. Tukacheka sote. Twiga hakucheka. Yeye alikuwa ameshacheka.

“La nne,” alisema mwalimu kwa upole.

“Mwalimu, huyu anaogopa wageni!” Binti yangu akasimama. “Nyumbani anasoma hata makopo ya rangi. Kila shule ni hivihivi, kila shule mnaniambia hivihivi...”

Nikamshika Twiga mkono, nikatoka naye hadi kwenye bomba la maji uani.

“Mbuzi alikuchekesha?” nikamwuliza.

“Mbuzi yupi?”

“Mimi si mwalimu. Usinichezee.”

Akafungua bomba, akalifunga. “Babu, usimwambie mama.”

“Nisimwambie nini?”

“Wadogo hawakuulizi umetoka wapi,” alisema. “Ukifika tu wanakushika mkono. Unawashushia mpira uliokwama, unawafunga kamba za viatu, wanagombania kukaa na wewe. Wa la sita wana marafiki zao tangu la kwanza. Wanakutazama viatu, halafu wanakugeuzia mgongo. Nimewaona, babu. Kila shule wapo walewale.”

“Na ukifika miaka kumi na sita uko palepale na wadogo?”

“Tutakuwa tumeshahama.”

“Mama yako amesema hatuhami tena.”

“Amesema mara ngapi?”

Mimi mwenyewe shule niliiokota vipande vipande. La pili nililisoma mara mbili katika miji miwili, la tatu sikulikuta kabisa. Nimekaa na wadogo. Ni raha, usidanganywe. Unakuwa mkubwa wa watu ambao hawajajua kuuliza kwa nini uko pale.

Dalali akatokeza kichwa getini. “Mzee! Yule mteja mwingine ameshafika na gari la vyombo. Nimwambie nini?”

“Mwambie asishushe.”

“Kwa hiyo mnaichukua?”

“Nimesema asishushe, sijasema tunaichukua. Hebu tupe pumzi!”

Twiga alinitazama. Alikuwa ameshaelewa kabla sijaamua. “Babu,” alisema, “tafadhali.” Hajawahi kuniomba kitu kwa sauti ile, hata alipokuwa mdogo na homa.

Nikaingia ndani. Binti yangu alikuwa amekaa sasa.

“Mwalimu,” nikasema, “mpe kitabu cha la sita. Huyu mtoto anajua kusoma. Anajikwaa kwa makusudi.”

Binti yangu akageuka polepole kumtazama mtoto mlangoni. “Babu yako anasema kweli?”

Twiga akaitikia kwa kichwa.

“Tangu lini?”

“Tangu ile shule ya kwenye machimbo.”

“Machimbo?” Akahesabu shule kwa vidole. “Mimi nimegombana na walimu wote hao. Nimewaita watu majina mabaya. Mmoja nilimwambia hajui kazi, mbele ya wanafunzi wake. Na wewe umesimama pembeni unaniangalia?”

Nilidhani atampiga. Angempiga ningemwelewa. Lakini alisogeza tu kitabu kipya ukingoni mwa meza kwa kile kiganja chake cha usukani. “Soma.”

Mtoto akasoma. Alisoma ukurasa mzima bila kupumzika, kwa sauti kavu ya hasira, kama anamsomea mtu hukumu, na alipofika mwisho akafungua wa pili bila kuambiwa. Mwalimu mkuu alikuwa amevaa viatu. “Inatosha, mwanangu,” alisema. “Inatosha.”

La sita akaandikwa, nyumba tukaipata. Siku zile za kupanga vyombo Twiga hakuniamkia wala hakuniita. Alikuwa akinipitia kama kabati. Mama yake alipiga misumari ya mapazia, akaimba kidogo, akanyamaza, akamtazama mtoto, akaimba tena. Mwenyewe alikuwa ameomba radhi siku ileile kwa mwalimu mkuu, na nadhani moyoni kwa wale wengine wote ambao hatutawaona tena.

Siku ya kwanza ya shule, wakati wa mapumziko, nikaenda kusimama kwenye uzio. Wasichana wa la sita walikuwa wamekaa kwenye ngazi, wamebanana, wanasukana. Twiga alisimama karibu yao, si karibu sana, umbali wa mtu anayesubiri kuulizwa jambo. Hawakumuuliza. Upande wa pili wa uwanja wadogo walikuwa wanapigia mpira kelele, umekwama juu ya paa la choo. Aliutazama ule mpira muda mrefu, hakwenda. Akaniona. Akaja hadi kwenye waya, akanipa neno la kwanza tangu siku ile.

“Nenda nyumbani, babu.”

Nikaenda.

Jioni tukala wote watatu. Binti yangu alikuwa na vumbi la kifusi bado kwenye nyusi. “Haya niambie. Siku imeendaje?”

“Nzuri,” alisema Twiga. “Nimepata marafiki wawili. Mmoja anaitwa Kibonge, mwingine Kasuku. Kasuku anaongea mpaka mwalimu amemhamisha dawati.”

Binti yangu akacheka mpaka kijiko kikamponyoka. “Unaona, baba? Si nilisema? Mtaa wenye mitaro safi!” Akainuka kwenda kujaza jagi la maji, na tukamsikia huko jikoni akicheka peke yake, Kasuku, Kasuku.

Mimi Kibonge ninamjua. Nimemfunga kamba za viatu kwa mikono yangu. Ni mtoto wa miaka tisa, wa mji tuliouacha, na Kasuku ni dada yake.

Twiga alikuwa ananitazama juu ya sahani. “Utasema?” akauliza kwa sauti ya chini.

“Hapana.”

“Siku ile ulisema.”

“Siku ile ulikuwa unapoteza miaka yako. Hii sitaisema, lakini haiwezi kukaa. Mama yako atataka kuwaona. Atataka kuwaalika hapa.”

“Najua.”

“Basi nakupa wiki mbili upate hata mmoja. Wa kweli, mwenye miguu.”

Akafikiria, akisikiliza maji yakijaa jikoni.

“Nne,” alisema, akaanza kukusanya vyombo kabla mama yake hajarudi.